Ukuta Wangu, Leseni ya Baba Hadija

Nasikia mnanung'unika, wajukuu zangu. Nyinyi mnaopaka rangi, mnaoziba paa, mnaokaa kando ya barabara huko mjini na ndoo na brashi mkingoja mtu awaite. Mnasema leseni ni ghali, ofisi zinawazungusha, mwenye nyumba anawaita mafundi asubuhi na jioni anawaita wezi. Nung'unikeni. Asiwadanganye mtu kwamba kunung'unika ni uvivu. Mimi Somoe binti Chilemba nilinung'unika kabla mama zenu hawajazaliwa, na sijaacha mpaka leo.

Ila manung'uniko hayasilibi ukuta. Kwa hiyo nitawaambia na nilichofanya. Herufi nimejifunza ukubwani, na mkono wangu unaandika polepole, lakini majina yote ninayo kichwani. Nikisema fulani alisema hivi, ujue alisema.

Miaka ile Wazungu walikuja Nachingwea kulima karanga. Misitu iling'olewa kwa minyororo na matrekta, na mji ukaota mahali ambapo mwaka uliotangulia palikuwa na nguruwe pori tu. Mume wangu, Bakari Mtepa, alipata kazi ya kung'oa visiki. Tukatoka kwetu Nkowe kwa miguu, mwanangu Hadija mgongoni, sufuria kichwani. Nilidhani nakwenda kupika na kulima bustani. Sikujua kwamba nakwenda kazini.

Kwetu Wamwera, mwanamume husimamisha nguzo, hufunga fito, huezeka. Akimaliza hapo, nyumba ni ya mwanamke. Yeye hukandika udongo, yeye husiliba mpaka ukuta ulainike. Mama yangu, Bi Mwanahawa, alikuwa akifinyanga udongo kama kidole, kisha anaukunja. Ukikatika upesi, una mchanga mwingi. Ukikunjika bila kukatika, una mfinyanzi mwingi, utakauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Ng'ombe hatuna, basi na mavi ya ng'ombe hatuna. Tulichanganya makapi ya mpunga na majivu. Udongo wa kichuguu ni mzuri kupita wote, lakini kiwe kichuguu kilichokufa. Ukichukua cha mchwa walio hai, umemkaribisha mgeni atakayekula fito zako.

Mimi ni wa mashoto. Mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kila wakati wa kula, nikajifunza kula kwa kulia kama watu wengine. Kwenye udongo mkono ule ulijifungua wenyewe. Mwishowe mama akachoka, akasema, "Haya, ukuta hauli wali. Siliba kwa mkono unaoutaka."

Basi pale Nachingwea nilianza kwa majirani. Siku moja nasiliba nyumba ya Bi Asumini, jirani yangu wa karibu, nikamwona mzee mmoja amesimama nyuma yangu na mfuko wa vyombo begani. Alikuwa Fundi Kasiani, Mmakua, mwashi aliyejifunzia kazi misheni.

"Wewe binti, nani kakufundisha kuanzia juu?"

"Udongo wenyewe, Mzee. Ukianzia chini, unachoangusha kinachafua ulichomaliza."

Akacheka. "Nina wanaume wanne hawajui hilo. Kesho njoo nikuonyeshe saruji."

Nilikwenda. Alinipa mwiko wa chuma, akanifundisha timazi na pima maji, akanifundisha kulowesha ukuta kabla ya kupiga lipu, kwa sababu ukuta mkavu hunywa maji ya lipu kwa pupa na baadaye hutapika kila kitu. Wale wanaume wanne hawakunyamaza. Mmoja alinipigia kelele kutoka juu ya pipa alilolisimamia, "Shemeji, mwiko wa ugali uko jikoni!"

Nikamjibu, "Huo nimemwachia mkeo akutandike nao."

Alishuka kwenye pipa mwenyewe, bila kusukumwa.

Sasa niwaambie kosa langu, maana mzee asiyetaja makosa yake anawauzia chumvi yenye mchanga. Chokaa ya mawe ilikuja kwa lori kutoka pwani. Unachimba shimo, unaimwagia maji, inachemka yenyewe bila moto, unaifunika kwa magunia yaliyolowa, unaiacha. Fundi Kasiani alikuwa akisema, "Chokaa ni mwali, binti. Haitolewi nje kabla ya siku zake." Nilimcheka. Mmakua mzima wa misheni, ananifundisha mambo ya unyago!

Basi Maalim Saidi, mwalimu wa chuo cha Kurani, alitaka sebule yake iwe nyeupe kwa ajili ya Idi. Siku zilikuwa zimebana. Nilimtoa mwali siku ya pili. Ukuta ulipendeza, watu wakausifu. Asubuhi ya Idi wageni wamekaa mkekani, sinia la pilau katikati, tukasikia ta! Kidogo, ta! tena. Ukuta unarusha vipande. Punje za chokaa ambazo hazijaiva zilikuwa zinavimba ndani na kupasuka. Kimoja kikatua kwenye bakuli la mchuzi.

Maalim Saidi akanigeukia taratibu, "Mama Hadija, ukuta wangu umeshikwa na ndui."

Nilitamani kichuguu kinimeze. Fundi Kasiani hakunigombeza. Alinipa kikwanguo na ndoo, akasema, "Kwangua wote. Mkono unakumbuka kuliko kichwa." Nikakwangua siku tatu, nikapaka upya kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo chokaa yangu ililala mpaka nilipoisahau.

Na mikono! Chokaa ilikula ngozi ya vidole mpaka nikawa siwezi kukanda unga. Pakeni mafuta ya ufuta kabla ya kazi, siyo baada. Ikiingia jichoni, maji mengi, usisugue. Mwenye nyumba akikunyima maji ya kunywa wakati unamjengea, mwache na ukuta wake nusu. Mimi niliwaacha wawili, na wote waliniita tena.

Kisha likaja tangazo. Kila afanyaye ufundi mjini kwa malipo awe na leseni kutoka ofisi ya mji. Nilijifunga kanga safi nikaenda. Karani alikuwa Zakaria, Mngoni kutoka Songea, kwa hiyo mtani wetu. Wangoni waliwahi kuja kututeka zamani, na tangu hapo tunatukanana bila kukasirikiana.

Aliponiona tu akaanza, "Karibu mtani. Wamwera leo mmetoka mafichoni?"

"Tumetoka. Babu zenu walikuja kuteka ng'ombe, wakakuta hatuna, wakarudi na muhogo. Nimekuja kuulizia kama mmeshaumaliza."

Ofisi nzima ikacheka, na yeye akacheka. "Haya, unataka nini?"

"Leseni ya fundi."

"Ya mumeo? Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Yangu."

Kicheko kikakatika. Akafungua kitabu kikubwa, akakigeuza anionyeshe, kama vile nilijua kusoma. "Mama, hiki ni kitabu cha mafundi. Tangu ukurasa wa kwanza hakuna mwanamke humu. Nikikuandika, nitaulizwa mimi."

"Ulizwa basi. Ulimi si unao?"

Hakuwa mtu mbaya, Zakaria. Alikuwa mtu anayeogopa kazi yake. Akaniinamia akanong'ona, "Mwandikishe mumeo. Wewe fanya kazi. Nani atajua?"

Nikakubali. Hilo ni kosa langu la pili, na hili lilikuwa kubwa kuliko la chokaa. Ada ya leseni ilikula doti ya kanga niliyokuwa nimeiwekea nia, na Baba Hadija akaletewa karatasi yenye muhuri inayosema yeye ni fundi. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Mama Hadija, mimi na ukuta tunajuana kwa kuegemea tu."

"Egemea basi na karatasi mfukoni."

Ikawa hivyo karibu mwaka mzima. Nilipiga lipu nyumba za makarani, nikaziba nyufa za maduka, nikapaka chokaa madarasa, na kila mahali aliyeshukuriwa alikuwa Fundi Bakari. Watu walimsimamisha njiani kumwuliza habari za saruji. Naye, maskini, aliwajibu, "Inategemea," akapita.

Lakini Baba Hadija alikuwa na ugonjwa mmoja. Neno "hapana" halikumtoka kinywani. Leseni zilikuwa ghali, na mafundi wengi waliazimana, moja ikavaliwa na watu watatu kama koti la harusi. Akaja mtu mmoja, Athumani Mpeta, akamwambia ana kazi ndogo ya siku nne. Baba Hadija akampa karatasi. Mimi hakuniambia.

Kazi ile ndogo ilikuwa ghala la mbegu za karanga. Kuta za tofali mbichi. Athumani akazipiga lipu ya saruji tupu juu ya vumbi, bila kulowesha, bila kukwangua, apate kung'arisha upesi na kuondoka. Sikilizeni, nyinyi mnaopenda saruji kama dawa ya kila kitu. Saruji juu ya tofali mbichi ni koti la mpira juu ya mtu mwenye homa. Maji yakipenya kwenye ufa mdogo hayatoki tena. Mvua mbili tu, tofali zikalainika kama uji ndani ya lile koti, na ukuta ukakaa chini pamoja na magunia.

Bi Asumini ndiye aliyenijia mbio, kanga imemteleza kichwani. "Mama Hadija! Baba Hadija kachukuliwa na askari! Wanasema ukuta wake umeua karanga!"

Athumani alikuwa ameshapanda lori la Lindi. Kilichobaki ofisini kilikuwa jina la mume wangu.

Nilikimbilia kwa Fundi Kasiani. Akaweka mwiko chini. "Ukisema yeye si fundi, utakuwa umekiri kwamba wewe ndiye unayefanya kazi bila leseni. Wataweza kukufunga wewe badala yake."

"Na nisiposema?"

"Watamfunga yeye. Na kazi yako yote mjini itakuwa ya mtu aliyeangusha ghala."

Nikaona pande zote mbili ni moto. Nikachagua ule ulio wangu.

Ofisini nilimkuta Baba Hadija amekaa chini kwenye sakafu, askari kila upande. Nyuma ya meza alikuwepo Mzungu wa majengo. Sisi tulimwita Bwana Majengo tu. Karani Zakaria alikuwa mkalimani. Sikungoja kuulizwa.

"Mwambie huyu si fundi. Hajawahi kushika mwiko. Karatasi alimwazima Athumani Mpeta, na huyo ndiye aliyepiga lipu ghala. Mafundi wa nyumba zenu wako hapa wawili," nikanyanyua mikono yangu, "huu na huu."

Zakaria akakunja uso. "Mtani, nyamaza, utaharibu."

"Tafsiri."

Akatafsiri. Bwana Majengo akanitazama kama mtu aliyeambiwa mbuzi ndiye aliyeandika barua. Nikaomba watuletee udongo na mwiko uani. Nikampa Baba Hadija.

Akaninong'oneza, "Mke wangu, usiniaibishe mbele za watu."

"Aibu inaoshwa, Baba Hadija, jela inalaliwa. Shika."

Akaushika mwiko kama jembe. Akachota donge, akavuta pumzi, akalirusha. Ukuta ulilikataa. Likarudi, likaanguka juu ya viatu vya Zakaria vilivyopigwa rangi. Askari mmoja akageuka pembeni, mabega yanamtikisika.

Bado haikutosha. Bwana Majengo alisema, na Zakaria akatafsiri, kwamba mtu anaweza kujifanya mjinga. Hapo nikamwomba kipande cha lipu kilichoanguka ghalani. Kikaletwa. Nikamwambia, pitisha vidole hapa. Mkono wa kulia unapovuta mwiko, huacha upinde unaolalia upande mmoja. Twende sasa kwenye nyumba zako.

Tukaenda kundi zima, kama watu wanaofuata maiti. Nikampitisha madarasani, nikampitisha maduka mawili, nikampitisha nyumba za makarani. Kila ukuta upinde ulilalia upande wa pili. Nikachota udongo mbele yake, nikavuta kwa kushoto mara moja, nikasogea. Akalinganisha. Akaenda peke yake mpaka jikoni kwake, ambako nilikuwa nimeziba nyufa miezi miwili nyuma, akapapasa ukuta kama kipofu anayepapasa uso wa ndugu yake. Akarudi akasema maneno marefu sana.

Zakaria akatafsiri, "Mumeo aende nyumbani. Leseni imefutwa, asimwazime mtu karatasi tena."

"Kasema yote yale kwa ajili ya hayo tu?"

"Mengine ni ya kwao."

Wengine wangeshukuru wakaondoka. Tena nilipewa zaidi. Zakaria alinifuata nje akaniambia Bwana Majengo ameridhika na kazi yangu, niendelee kimyakimya bila karatasi, hakuna atakayenigusa, wala ada sitalipa. Bure kabisa!

Nikamwambia, "Ukuta usio na jina, ukianguka nitatafutwa. Ukisimama sitatafutwa. Hiyo bure yenu ni ghali. Chukueni ada kama mnavyochukua kwa wanaume, mniandike. La sivyo sishiki mwiko."

Nikarudi nyumbani. Nyumba za makarani zilikuwa nne. Mbili nilizimaliza, ya tatu nilikuwa nimeifikisha katikati, nayo ilikuwa ya Zakaria mwenyewe. Upande mmoja una lipu, upande wa chumbani tofali zinatazama mbingu. Na masika yalikuwa yanakuja.

Tulikula muhogo asubuhi, muhogo jioni. Baba Hadija alirudi kwenye visiki vyake, na siku moja akasema, "Kubali tu, Mama Hadija. Kazi ni kazi."

"Kazi yangu ilipokuwa na jina lako nusura ikufunge. Sasa iwe na jina langu, ikinifunga inifunge mimi."

Alimega kipande chake cha muhogo akaniongezea.

Ofisi ikatafuta wengine. Wanaume wa mjini walikuwa wamepelekwa kujenga ghala jipya. Wakaitwa wanawake kutoka Nambambo na njia ya Mkotokuyana, wasilibaji wazuri ninaowajua kwa majina: Bi Fatu Limbende, Bi Zainabu, Bi Tekla wa misheni na dada yake Anjela, na Bi Salima. Asumini naye akaitwa. Walikuja na vikapu vyao, wakauzunguka ukuta wa Zakaria, wakapapasa.

Bi Fatu, mkubwa wao, akauliza, "Nani kauanza?"

"Mama Hadija. Kaacha," akasema Zakaria.

"Kafa?"

"Hajafa. Yuko nyumbani, kakasirika."

"Basi hatuugusi."

Kwetu ndivyo ilivyo, wajukuu zangu. Ukuta ulioanzwa na mwanamke aliye hai haumalizwi na mwingine mpaka yeye mwenyewe ampe donge la kwanza mkononi. Kuumalizia bila donge ni kumzika mwenzio anatazama. Zakaria aliwabembeleza, akawatisha, akawaahidi chumvi. Wakajitwisha vikapu wakaja kwangu kunisalimia, na wakala muhogo wangu wote.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana wa siku ya nne baada ya hapo. Ilipopungua, nikamwona Zakaria anakuja, suruali imekunjwa mpaka magotini, kile kitabu kikubwa kimefungwa ndani ya gunia kama mtoto mchanga.

Nikampokea, "Karibu mtani. Leo Wangoni ndio mnaotafuta pa kujificha?"

"Mke wangu kahamishia kitanda sebuleni," akasema. Hakuwa na nguvu ya utani. "Bwana Majengo kasema kitabu ni karatasi na mvua ni mvua, nikuandike. Jina?"

"Unalijua."

"Lazima niulize."

"Somoe binti Chilemba."

"Kazi?"

"Fundi."

"Fundi wa nini? Wa kusiliba?"

"Nasiliba, napiga lipu, napaka chokaa, naziba paa, nasawazisha sakafu. Andika fundi. Ukianza kuongeza maneno utanipunguza."

Akaandika. Nikamwambia asome alichoandika. Akasoma. Nikamwambia asome tena. Mara ya tatu nikalipa ada yangu, nikachukua karatasi, nikamwacha amekaa barazani na mvua yake, nikaenda kwa Fundi Kasiani. Mzee akaisogeza karibu na macho, akasoma, "Somoe binti Chilemba. Fundi." Neno kwa neno, kama Zakaria alivyosoma. Hapo ndipo nikabeba mwiko.

Nilimaliza ukuta ule kwa siku mbili, juu kwenda chini. Wale wanawake walikuja kutazama. Karatasi ilipita mikononi mwao, mmoja baada ya mwingine, wakaigeuza huku na huku, wakanusa wino. Bi Fatu akauliza, "Na mwenye kupewa hii, haazimi kwa mtu?"

"Haazimi."

"Wala ya mumewe haivai?"

"Wala haivai."

Kesho yake Karani Zakaria alipofungua mlango wa ofisi alitukuta barazani wanawake saba. Mimi nilikuwa nimeshaandikwa. Nilikwenda kuhakikisha hakosei majina ya wale sita.